Meno ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alifariki saa nne asubuhi, mvua inanyesha, na kabla ya saa sita mimi nilikuwa nimeshayatupa meno yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniletea haya mengine yote, na sipendi kuzungukazunguka. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma asitafute ufundi hapa. Naandika kwenye daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa. Majina siyataji, maana wenyewe wengine wako hai na wana midomo.

Meno hayo yalikuwa ya bandia. Ya juu, ya mbele, sita, yameshikizwa kwenye kitu cha rangi ya ufizi kinachobana kwenye kaakaa. Hapa Kilolo hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Watu walimjua kama mama mwenye mwanya anayeimba sauti ya kwanza kanisani, basi. Mwanya wenyewe ulikuwa wa kutengenezwa, na nilikuwepo siku unatengenezwa.

Wakati ule aliishi Chimala na mume wake. Walilima mpunga, na yeye akawa anauza mchele sokoni. Baada ya uzazi wa mwisho, ule ambao mtoto hakukaa, fizi zikaanza kuvimba na kutoa damu. Meno yakawa yanacheza kama vigingi kwenye tope. Alisukutua kwa chumvi, akatafuna majani aliyopewa na kila mwenye majani, mwisho akaenda hospitali wakayang'oa ndani ya mwezi mmoja. Akanipigia simu. "Dada, njoo." Hakusema sababu.

Nilimkuta sokoni anapima mchele huku ameuma pembe ya khanga, kitambaa kimemfunika kuanzia puani. Mteja akimuuliza bei anaonyesha vidole. Mama mmoja wa meza ya jirani akaniambia, "Mdogo wako siku hizi anaringa, hata salamu haitikii." Nikamwambia mdogo wangu atoe hiyo khanga nimwone. Akakataa kwa kichwa. Alikubali tulipofika nyumbani na mlango umefungwa.

Alipofungua mdomo, nilicheka. Lazima niliseme. Nilicheka nikamwambia, "He! Umekuwa mama mtupu," maana mama yetu alizeeka bila jino hata moja. Yeye hakucheka. Alikaa kitandani akaniambia, maneno yanatoka na upepo, kwamba mwanawe yuko shule ya bweni, anarudi likizo mwezi wa kumi na mbili, na akirudi lazima akute mama yake ana meno.

"Kwani mtoto atakufa akikuona?" nikamuuliza.

"Wewe dada unayo yako yote. Huwezi kujua."

Tukaenda Mbeya.

Fundi wa meno alikuwa binti mdogo tu, kucha fupi, mkono haumtetemeki. Alichukua kitu kama unga uliokandwa, kinanukia peremende, akakipakia kwenye kibati chenye umbo la taya akamtia mdogo wangu mdomoni. "Uma taratibu mama, usimeze." Mdogo wangu akataka kutapika. Macho yakamtoka, akanishika goti. Nikamwambia, "Pumua kwa pua, usiaibishe ukoo." Binti akacheka, na mdogo wangu naye akataka kucheka na hawezi, machozi yakamtiririka mpaka shingoni.

Unga ulipoganda fundi akautoa, ukawa na alama za fizi zake kama nyayo kwenye matope. Akaleta vijino vya mfano vilivyopangwa kwa rangi, kuanzia vyeupe pe mpaka vya njano njano.

"Mama unapenda hivi vyeupe?"

"Hapana. Nipe vya mtu aliyekula vyakula."

"Hivi hapa?"

"Hivyo. Halafu niachie mwanya hapa katikati."

Fundi akaweka kalamu chini. "Mama, watu wanakuja kwangu niwazibe mianya."

"Mimi nilizaliwa nao. Mwanangu anaujua."

Akapima na mdogo wangu akamwonyesha kwa ukucha: si mkubwa hivyo, punguza, hapo. Tulirudi Mbeya mara mbili, ya kwanza kuuma nta ili wajue taya zinakutanaje, ya pili kuyachukua. Siku ya kuyachukua alijitazama kwenye kioo cha fundi muda mrefu. Nikadhani hayakumpendeza. Kumbe alikuwa anasema "sabuni" kimyakimya, anajaribu.

Hayo meno yalimtesa. Wanaofikiri unavaa tu kama viatu wanajidanganya. Yalimchubua ufizi mpaka vidonda, ugali ukawa unaingia chini yake, mahindi ya kuchoma akawa anayapukuchua kwa kisu kama mtoto. Na herufi ya S ilimpiga chenga. Kila asubuhi alisoma Zaburi kwa sauti, ameshika meno kwa kidole gumba. Mwezi wa kumi na mbili mtoto aliporudi, mama yake alimpokea stendi anacheka mdomo wazi. Aliniambia kwa simu, "Dada, hajajua kitu." Nilisikia furaha yake, nikaona ni upuuzi, lakini sikusema.

Miaka ikapita. Mume wake akafariki, mtoto akapata kazi Mbeya na kuoa huko, na mimi nikiwa mjane tayari nilimwambia mdogo wangu arudi nyumbani tukae wote. Akarudi na gunia la mchele, godoro, na kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu. Kila jioni alitoa meno, akayasugua kwa mswaki, akayatumbukiza kwenye kikombe hicho chenye maji, akafunika kwa kisahani na kukiweka dirishani upande wa kitanda chake. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, na mtu wa nje hakuwahi kumkuta mdomo mtupu.

Siku moja tunamenya njegere jikoni, akasema bila kuniangalia, "Dada, siku yangu ikifika, usiache watu wanione bila meno."

"Nani kakwambia utatangulia? Mkubwa ni mimi."

"Na ukitangulia, nitamwambia nani?"

"Mwambie mwanao."

"Huyo hasa ndiye asinione."

"Haya, haya. Menya njegere, maji yanachemka."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Sikuapa wala kushika Biblia, nilimwambia amenye njegere. Lakini aliniangalia akaridhika, na mimi nilijua ameridhika na nini.

Ugonjwa wake ulikuwa kifua. Kilolo ni baridi, mwezi ule ukungu ulikuwa unakaa mpaka saa tano. Homa ilipompanda midomo ikapasuka, akashindwa kuvaa meno, yakakaa kwenye kikombe mchana na usiku. Mwanawe alipopiga simu nilimwambia ni mafua, asikimbilie, aje mwisho wa wiki. Nilisema hivyo kwa kuwa niliamini hivyo. Dawa za zahanati alizimeza, uji akanywa. Alhamisi asubuhi aliniomba nimgeuze aangalie dirisha, nikamgeuza, na nilipokuwa nakunja blanketi nikasikia pumzi haipo.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu. Mama yetu alitufundisha kwamba maji yaliyokuwa ndani ya chumba mtu anapokata roho hayanywewi wala hayapikiwi. Yanamwagwa yote, nyuma ya nyumba, na aliye mkubwa ndiye anayeyamwaga. Alimwaga bibi, alimwaga mama, na siku ya mume wangu nilimwaga mimi. Kwa hiyo sikulia kwanza. Nililaza mikono ya mdogo wangu vizuri, nikachukua ndoo, nikamimina humo maji ya birika, maji ya beseni la kumfuta, maji ya jagi, na kikombe cha dirishani. Nilishika kisahani kwa mkono mmoja na kumimina kwa mwingine, macho yangu yako kwake. Nikatoka na ndoo mvuani nikamwaga kwenye mteremko nyuma ya jiko, pale maboga yanapotambaa. Nikarudi, nikaosha vyombo, nikavifunika kifudifudi, ndipo nikafungua mlango kuwaita majirani.

Nilikumbuka wakati wanawake wawili tayari wako jikoni nami, tunachemsha maji ya kumwosha. Niliona kikombe kimelala kifudifudi.

Nilitoka nikasema naenda kuangalia kuni. Mvua ilikuwa imeosha mteremko wote, na vijana waliokuja kujenga turubai walikuwa wanapita hapohapo na miti begani. Nikapiga magoti nikaanza kupapasa chini ya majani ya maboga. Jirani yangu, mama ambaye ulimi wake haulali, akanifuata na mwamvuli.

"Bibi, umepoteza nini?"

"Pini."

"Pini? Na msiba huu? Ninazo, nitakupa."

"Nataka yangu."

"Jamani bibi, inuka. Wewe ni wa kukaa kwenye mkeka, watu wanaingia."

Ningemwambia, angeita wanawake kumi, tukachambua udongo ule kama mchele na tukayapata. Lakini wanawake kumi wangejua, na kufika jioni Kilolo yote ingejua. Nikainuka. Kila aliyetoka jikoni na maji ya vyombo aliyamwaga palepale, na mimi niko kwenye mkeka nasikia yanavyomwagika.

Tulipomwosha niliwaomba wale wawili waniachie kichwa. Mdomo ulikuwa umeingia ndani. Uso wa mdogo wangu ulikuwa umebadilika kabisa, ulikuwa uso wa mama. Nikamfunga taya kwa kitambaa. Nikachukua skafu yake nyeupe ya kwaya, nikamzungusha kichwani na kuishusha mpaka chini ya pua, nikaibana kwa pini masikioni, kama mtu anayeumwa jino. Macho na paji la uso ndivyo vilivyobaki. Jirani akauliza mbona hivyo. Nikamwambia ndivyo alivyotaka. Huo haukuwa uongo.

Mwanawe alifika Ijumaa mchana, siku ya mazishi, amesafiri toka alfajiri. Alishuka, akapita watu wote bila kusalimia, akaja mpaka kwangu.

"Mama mkubwa, uliniambia ni mafua."

"Nilikwambia."

Alikaa chini ya turubai na mkewe, kichwa ameinamisha, mpaka ibada ikaisha na watu wakaitwa kuaga. Sanduku liliwekwa mlangoni, kifuniko kimefunguliwa upande wa uso. Nilisimama pale kichwani kwake. Watu wakapita wanatazama, wanashangaa ile skafu, wanaendelea. Wenzake wa kwaya walipita wanaimba kwa sauti ndogo. Zamu ya mwanawe ikafika. Akasimama. Akainama. Akanyoosha mkono akashika ukingo wa skafu, taratibu, kama anayemfunulia mtoto blanketi.

Nikamshika mkono.

"Acha."

"Namwona mama yangu."

"Umeshamwona. Toa mkono."

"Mama mkubwa, sijamwona mwaka mzima. Niache nimwone uso."

"Nimesema toa mkono."

Kwaya ilikuwa imenyamaza. Mzee wa kanisa akasogea akasema, "Mama, mwache kijana amuage mzazi wake." Nikamwangalia mzee yule mpaka akarudi nyuma. Mimi ni mwanamke wa jembe, mikono yangu ina nguvu, na mtoto yule hakutaka kupigana na mwanamke mzee juu ya sanduku la mama yake. Aliachia. Aliniangalia na machozi yanamshuka, akasema kwa sauti ya chini, nadhani ni mimi tu niliyesikia, "Unamficha nini?"

Ningeweza kumwinamia sikioni nikamwambia neno moja. Nilijiambia namtunzia mama yake siri. Sasa naona niliona aibu pia kwa sababu yangu mwenyewe, maana angeuliza yako wapi, na ningelazimika kumjibu kwamba niliyatupa mimi.

Tulimzika. Aliondoka kesho yake asubuhi bila kuingia ndani kuniaga. Mkewe ndiye aliyenishika mkono akasema, "Tutawasiliana mama," na hatukuwasiliana. Kwa watu wa hapa maneno yakaanza. Waliosema mdomo ulikuwa mweusi walisema. Waliosema alilishwa kitu walisema, na aliyekuwa anamlisha ni nani kama si mimi? Kisimani wanawake walinisalimia "kamwene bibi" na kunyamaza mpaka nipite. Niliyabeba. Kilichoniuma ni kwamba maneno hayo yalifika Mbeya. Mwanawe alituma mafundi wajengee kaburi la mama yake kwa saruji, yeye mwenyewe hakuja.

Mvua zilipokatika maboga yakakomaa. Siku moja mchana niko nyuma ya jiko na kisu nakata shina la boga, kuku anaparua pembeni, nikaona kitu cha rangi ya ufizi. Sikukishika upesi. Nilikaa chini kwanza, kwenye udongo. Halafu nikakichomoa. Yote sita yalikuwepo, hakuna lililovunjika. Mwanya ulikuwa umejaa udongo, nikautoa kwa kijiti cha kiberiti.

Niliyaosha kwa sabuni. Siku ile nililia kwa sauti ambayo sikulia kwenye msiba, mpaka jirani akaja kugonga, nikamwambia ni moshi.

Wazo langu lilikuwa kuyapeleka kwa mdogo wangu. Nikaenda makaburini na kijembe kidogo ndani ya kikapu, nimekifunika kwa majani ya maboga. Nilipofika nikasimama mbele ya ile saruji. Ilikuwa imepigwa vizuri, laini, mpaka pembeni, hakuna pa kuingiza hata sindano. Nikarudi na kijembe na meno yenyewe.

Siku mbili nilikaa nayo mezani. Nikawa nafikiri juu ya mtoto yule. Alipozaliwa nilikuwepo, mimi ndiye niliyempokea na kumpa mama yake. Hakuwa na jino hata moja, na mama yake alimtazama mdomo huo mtupu siku nzima bila kushiba. Mimi nilimzuia kijana huyohuyo asimtazame mama yake mara moja tu. Siku ya tatu nikampigia simu.

Alipokea. Nikasikia kelele za Mbeya, pikipiki, watu.

"Shikamoo mama mkubwa." Baridi, lakini alisema.

"Marahaba. Nina neno. Kaa mahali uketi."

"Nimesimama, sema tu."

Nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia mama yako alikuwa na meno ya bandia, aliniomba asionekane bila hayo, na hasa na wewe. Nikamwambia niliyamwaga na maji, nikayatafuta nikayakosa, ndiyo maana ya skafu. Nikamwambia nimeyapata kwenye maboga.

Kelele za pikipiki zikapungua, nikajua amesogea pembeni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Meno. Nilijua toka sekondari. Ile likizo ya kwanza niliamka mapema nikachote maji, nikakuta kikombe dirishani. Nikafunua. Nikarudisha kisahani."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa anafurahi nisipojua."

Nikayatazama meno pale mezani.

"Mama mkubwa, mimi sikuwa nataka kuona meno," akasema. "Nilitaka kumwona tu." Akakohoa. "Ungenivuta pembeni ukaniambia, ningetafuta na wewe. Ningepiga magoti hapo kwenye maboga na suti yangu."

"Najua."

"Sasa hivi unajua."

"Ndiyo. Sasa hivi."

Nikamuuliza nifanye nini nayo. Akasema atakuja kuyachukua akipata nafasi, si sasa, bado hajaweza kuingia nyumba hiyo. Nikamwambia haina shida, yatakaa. Nilitaka kuaga, yeye akaniwahi.

"Umeyaweka wapi?"

"Kwenye kikombe chake, na maji."

"Alikuwa anatia chumvi kidogo. Usisahau chumvi."

Mimi niliyelala naye chumba kimoja miaka yote ile sikuijua hiyo chumvi. Kijana huyu aliijua, labda alishaonja yale maji, au alimwona mama yake akitia, sikumuuliza.

Hajaja bado. Simu anapiga Jumapili, tunasalimiana, tunaongea habari za mvua na mbolea, halafu anasema haya mama mkubwa. Kikombe kiko dirishani upande wa kitanda chake. Kila asubuhi nikishawasha moto natoka nacho nyuma ya jiko, nayashika meno kiganjani kwanza, ndipo namwaga maji. Naweka mengine, natia chumvi ya kuokota kwa vidole viwili, nafunika na kisahani.